Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali: nipe tarehe ya mke wangu kurudi nyumbani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo, na pole na majukumu. Jina la hospitali yako sitaliandika hapa, wala la daktari au nesi yeyote, maana sikukusudia kumharibia mtu kazi. Ukisoma utajijua. Mimi ni mume wa yule mama wa kitanda cha dirishani, wodi ya upasuaji ya wanawake, aliye kwako tangu Novemba mwaka jana. Tulionana ofisini kwako mwezi wa Machi. Ulinipa kiti, ukanisikiliza, ukasema: "Ndani ya mwezi mmoja tutawafundisha, mgonjwa aende akalishiwe nyumbani." Sasa ni Agosti.

Nilinyamaza kwa heshima. Ijumaa iliyopita ndiyo iliyonitoa.

Saa mbili usiku nesi alikuja kitandani mikono mitupu, mifuko ya lishe, ile ya chakula kinachopitishwa kwenye mshipa, imekwisha. Akatundika dripu ya glukosi, akasema itamsogeza mpaka Jumatatu. Ni mara ya tatu tangu mwaka uanze. Glukosi ni maji na sukari, Mheshimiwa. Haina protini, haina mafuta, haina vitamini. Mwenye utumbo wake akikosa chakula siku tatu atafunga, kisha atafuturu. Mke wangu hana futari nyingine. Jumatatu asubuhi nilimkuta anashika kikombe kwa mikono miwili, kinatetemeka.

Barua hii wataisoma na wengine, kwa hiyo nieleze. Alijifungua kwa upasuaji mwaka juzi. Daktari alisema ndani kulibaki makovu yanayonatana, na Novemba utumbo ukajisokota kwenye kovu mojawapo, damu ikakatika. Kituo cha kwanza walisema ni vidonda vya tumbo, wakatupa vidonge. Cha pili tulikaa kwenye foleni hadi jioni. Sijui kama utumbo ulikufa kwenye foleni ile au ulishakufa tangu nyumbani. Mimi naamini ni foleni. Alipofunguliwa, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima ni kama mita sita, na yeye alibakiwa na sentimita 65. Mimi ni fundi cherehani, nashinda na futi shingoni. Sentimita 65 ni mkono wa shati la mwanaume mrefu. Usiku ule niliupima juu ya meza ya kazi, nikabaki nautazama.

Ncha ya utumbo uliobaki imetolewa nje ya tumbo, inamwaga kwenye kifuko. Akila, chakula kinapita kabla mwili haujakichukua. Maji ndiyo mabaya zaidi, na hili watu hawalielewi kabisa. Majirani wanatoka Mbagala na chupa za maji baridi na soda, kwa upendo, na mimi ndiye ninayezipokea mlangoni na kuzificha. Maji matupu yanamvuta chumvi ya mwilini, yanamtoka mengi kuliko aliyokunywa. Anaruhusiwa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, kidogo kidogo. Joto la Februari unalijua. Nimemnyima maji mke wangu, ananiangalia, midomo imepasuka, na nikijua kwamba nikimhurumia nitamuua.

Kinachomweka hai ni ule mfuko. Sukari, protini, mafuta, chumvichumvi na vitamini vinapita kwenye mrija wa kifuani mpaka mshipa mkubwa wa karibu na moyo. Unatundikwa jioni, asubuhi umekwisha. Mchana mzima hana analofanyiwa. Anakaa kitandani anatazama dirisha.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1968 daktari Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha habari za watoto wa mbwa waliokua vizuri kwa kulishwa mshipani peke yake, na za mtoto mchanga aliyelishwa vivyo hivyo. Mwaka 1970 Belding Scribner wa Seattle, yule yule aliyewafungulia njia wagonjwa wa figo wa kusafishwa damu, aliandika juu ya kuwa na utumbo wa bandia, yaani lishe hii ya mshipani, na wagonjwa wakaanza kulishwa majumbani kwao. Anayetundika mfuko kule ni mgonjwa mwenyewe, au mke, au mama. Wanatundika usiku, wanachomoa asubuhi, wanakwenda kazini. Wapo walioishi hivyo kwa miongo. Hiyo ni zaidi ya miaka 50, Mheshimiwa, na mimi nangoja mwezi mmoja wa Machi uishe.

Ndugu wananiambia niuze kiwanja nimpeleke India akapandikizwe utumbo. India wanapandikiza, ni kweli. Nilimuuliza daktari wako bingwa, akanieleza kwa subira, nami namshukuru. Utumbo umejaa askari wa mwili na bakteria, kwa hiyo mwili mpya unaukataa kwa ukali kuliko unavyokataa figo. Dawa za kuuzuia ni za maisha. Katika watu kumi waliopandikizwa, wanaofika miaka mitano ni kama watano au sita. Ndiyo maana upandikizaji unaachiwa wale ambao lishe ya mshipani imeshindikana: ini limeharibika, mishipa mikubwa imeziba kwa damu iliyoganda, au mrija unawaletea maambukizi kila mara. Mke wangu hajafika huko. Ini lake bado zima. Lakini mkiendelea kumkatizia mifuko na kumwacha mrija ule uguswe na kila mkono, mtamfikisha huko, kisha mtaniambia sasa ni India tu.

Naandika hivyo kwa sababu ya Juni. Alipata homa ya kutetemeka, meno yanagongana, mrija umeingia wadudu. Nadhani ni kwa kuwa ulikuwa unatumika kwa kila kitu, kuchukulia damu, kupitishia dawa, na zamu zinabadilika mara tatu kwa siku. Waliutoa, wakamwekea mwingine upande wa pili. Mishipa ya namna hiyo mtu hana mingi.

Ulisema wasiwasi wako ni nyumba yetu. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili, umeme unakatika. Ulikuwa na haki kuuliza. Basi chumba kimoja nimekiwekea marumaru, nimetoa pazia na zulia, nimevuta bomba la maji ndani, nimenunua meza ya chuma inayofutika kwa spiriti. Kwa ajili hiyo niliuza cherehani moja kati ya tatu nilizokuwa nazo. Kuhusu friji, mfamasia wako alinionyesha maandishi kwenye boksi: mifuko yenye vyumba vitatu, sukari kwake, protini kwake, mafuta kwake, haihitaji friji kabla haijachanganywa, mradi isikae penye joto kali. Vitamini hutiwa siku ya kutumia. Kuhusu mikono, bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, na alijichoma insulini kwa miaka mingi. Muhimbili wanapandikiza figo tangu Novemba 2017, na wagonjwa wale wanarudi makwao na dawa zao wakiwa wamefundishwa kujilinda. Mimi na shemeji yangu tukishindwa kunawa dakika nzima, kuvaa glavu, kusafisha kichwa cha mrija na kuunganisha bila kugusa, mtunyime. Lakini tufundisheni kwanza. Toka Machi hakuna aliyetufundisha hata siku moja.

Kwa nini mifuko inakwisha? Nahisi ni kwa kuwa wagonjwa wa namna hii ni wachache, anayeagiza anaagiza kama vile ni kitu cha dharura cha wiki moja. Mgonjwa wa wiki moja akila mifuko saba, amemaliza. Huyu ni wa kila siku, mwaka mzima. Hesabu yake inajulikana tangu leo.

Mtoto wetu ana mwaka na miezi tisa. Wodini watoto hawaruhusiwi. Siku hizi anamwita mama yake mdogo "mama", na yule akimkatalia analia.

Mheshimiwa, sikuombi upasuaji mpya wala ndege. Naomba nesi mmoja wa kutufundisha, mifuko ya mwezi mzima iagizwe kabla ile iliyopo haijaisha, namba ya simu ya kupiga homa ikipanda usiku, na kliniki ya kupima damu na ini lake. Kama yote hayawezekani kwa pamoja, basi anza na nesi. Na nipe tarehe. Mteja akiniletea kitambaa namwandikia siku kwenye karatasi, anakuja na karatasi yake mkononi. Niandikie na mimi. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa karani wako, nitakaa pale mpaka unipe tarehe.

Wako mtiifu,
Mume wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani
Mbagala, Dar es Salaam