Barua ya wazi kwa Kamishna Manfred: mkimbiaji wa bwerere asubiri iningi ya 12

Kwa Bwana Rob Manfred,
Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli (MLB),
New York.

YAH: KUSOGEZA MBELE KANUNI YA MKIMBIAJI WA BESI YA PILI

Mheshimiwa Kamishna,

Sisi ni mashabiki wa besiboli tunaozungumza Kiswahili. Baadhi yetu tunaishi huko huko Marekani, wengine tuko Afrika Mashariki, ambako mechi inayoanza New York saa 1 usiku wakati wa kiangazi inatukuta saa 8 usiku. Kwa hiyo ukituona tunaomba mkimbiaji anayewekwa besi ya pili bure achelewe kuingia, na baadhi ya mechi zirefuke kidogo, ujue wanaoomba ni watu watakaoilipia kwa usingizi wao.

Hatukuandikii kulalamikia kila badiliko. Saa ya mrushaji, inayohesabu sekunde za kurusha mpira, imefanya kazi iliyotumwa. Sekunde 15 besi zikiwa tupu, 18 kukiwa na mkimbiaji (zilikuwa 20 mwaka 2023), mpigaji awe tayari zikibaki 8, mrushaji akichelewa inahesabiwa boli (nne humpa mpigaji besi ya kwanza bure), mpigaji akichelewa inahesabiwa straiki (tatu humtoa). Wastani wa mechi ya iningi tisa (iningi ni duru ambayo kila timu hupata zamu moja ya kupiga) ulitoka zaidi ya saa 3 mwaka 2022 ukashuka hadi kama saa 2 na dakika 40 mwaka uliofuata, na mchezo wenyewe haukupungukiwa kitu zaidi ya kujikuna na kurekebisha glavu. Hata utaratibu wa kukata rufaa ya straiki kwa mashine, mlioupitisha kwa ajili ya msimu wa 2026, tunaukubali: kila timu rufaa mbili, ikishinda haipotezi, na wanaoruhusiwa kuomba ni mrushaji, mdakaji na mpigaji tu.

Tunachoomba kitazamwe upya ni mkimbiaji anayewekwa besi ya pili, nusu ya njia ya kupata pointi, kuanzia iningi ya 10, yaani mechi ikiwa bado sare baada ya tisa. Kanuni hiyo iliingia ligi kuu mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wakati ratiba ilikuwa imebanwa na hakuna aliyetaka wachezaji wakae uwanjani usiku kucha. Sababu hiyo ilieleweka. Februari 2023 mkaifanya ya kudumu, msimu ule ule saa ya mrushaji ilipoanza. Yaani mechi ndefu zilipewa dawa mbili kwa wakati mmoja, ya kwanza ikaponya, na ya pili bado mgonjwa anaimeza.

Tuiangalie iningi yenyewe kwa karibu. Matokeo ni 3-3, wageni wanaanza kupiga iningi ya 10. Anayewekwa besi ya pili ni yule anayemtangulia mpigaji wa kwanza kwenye orodha, ambaye mara nyingi ndiye aliyepata auti (kutolewa; auti tatu humaliza zamu ya timu) ya mwisho katika iningi ya 9. Akiwa ni mdakaji mwenye miguu mizito, kocha ana mawili: amwache pale, au amweke kijana mwenye mbio na akubali kumpoteza mdakaji wake, kwa kuwa anayetoka harudi tena.

Hesabu za ligi kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba timu yenye mtu besi ya pili bila auti hutarajiwa kupata kama mkimbio (pointi) 1.1; besi zikiwa tupu, kama nusu mkimbio. Ikipigwa banti (mpira unaoguswa taratibu tu kwa gongo), mkimbiaji akasogea besi ya tatu kukiwa na auti moja, matarajio yanashuka hadi kama 0.95, lakini uwezekano wa kupata walau mkimbio mmoja unapanda kutoka kama asilimia 61 hadi 66. Ndiyo maana banti ni hasara kwa wageni, ambao hawajui watahitaji mikimbio mingapi, na ni akili kwa wenyeji iwapo wageni wametoka kapa.

Zamu ya wenyeji inapofika, kila kitu kinakwenda kwa mstari ulionyooka. Kocha wa wageni ananyoosha mkono na kumpeleka mpigaji wa kwanza besi ya kwanza bila kurushiwa mpira hata mmoja (ishara inatosha tangu 2017), ili apate nafasi ya auti mbili kwa mpigo. Banti nayo ikipigwa, wachezaji wa ndani wanasogea mbele, na wa nje wanakuja karibu kiasi kwamba mpira wa juu wa kawaida unatosha kumaliza mechi. Wakati mwingine mmoja wa nje anaitwa ndani awe wa tano. Mara ya kwanza inasisimua. Mara ya thelathini umeshajua nani atafanya nini kabla hajafanya.

Mrushaji ndiye anayeonewa zaidi. Anaingia iningi ya 10 hajakosea lolote. Mpigaji wa kwanza anapiga mpira wa chini kwa mchezaji wa besi ya pili: auti, mkimbiaji anafika besi ya tatu. Wa pili anapiga wa juu kuelekea katikati: auti, mkimbiaji anafunga. Wa tatu anakula straiki tatu. Hakuna aliyempiga mpira hadi kufika besi salama, hakumpa mtu besi ya bure, na timu yake ikishindwa kusawazisha, kushindwa kunaandikwa kwa jina lake. Mwandika matokeo anauhesabu mkimbio ule kuwa haukutokana na mrushaji, kwa hiyo wastani wake wa mikimbio anayofungwa hauguswi. Kitabu cha ligi chenyewe kinakiri kwamba mkimbio si wake, kisha kinamkabidhi mechi. Kwa msomaji wa huku anayejua soka kuliko besiboli: ni kama Simba na Yanga wamalize dakika 90 bila bao, halafu refa aipe kila timu mpira ndani ya kumi na nane huku mabeki wamekalishwa benchi.

Na ninyi wenyewe hamuiamini kanuni hii mechi inapokuwa na uzito, maana kwenye hatua ya mtoano haitumiki. Oktoba 2022 Houston waliifunga Seattle 1-0 katika iningi ya 18, kwa hom rani (mpigo unaovuka ukuta wa uwanja) ya Jeremy Peña. Fainali ya 2025, mechi ya tatu kati ya Dodgers wa Los Angeles na Blue Jays wa Toronto ilikwenda iningi 18 pia, saa 6 na dakika 39, hadi Freddie Freeman alipoimaliza 6-5. Kabla ya hapo Will Klein, mrushaji ambaye wengi walikuwa hawamjui, alisimama iningi nne za mwisho bila kufungwa. Afrika Mashariki watu walikuwa wameshaingia kazini, simu zimefichwa chini ya meza. Angewekwa mtu besi ya pili kuanzia iningi ya 10, Klein huenda asingeshika mpira kabisa.

Mtatujibu kwamba Oktoba ni Oktoba, na Jumanne ya Mei ni jambo jingine. Lakini Mei inahesabiwa. Msimu wa 2025 Toronto na Yankees walimaliza wote wakiwa na ushindi 94 na vipigo 68. Toronto wakachukua kundi kwa kuwa walishinda zaidi walipokutana wao kwa wao, Yankees wakaenda kuanzia raundi ya kwanza. Zamani sare ya namna hiyo ingeamuliwa kwa mechi ya 163, ya ziada baada ya zile 162 za msimu, nayo mliifuta kuanzia 2022. Mechi moja tu ya Mei inaweza kubeba msimu, na haifai iamuliwe na mtu aliyefika besi ya pili kwa kutembea kutoka benchi.

Hoja nzito ya upande wenu ni mikono ya warushaji, na hatuipuuzi. Timu ina wachezaji 26, warushaji wasiozidi 13. Mechi ikifika iningi ya 15, kesho yake kocha hana mtu, na anayetolewa kafara ni mrushaji kijana aliyefanya kazi nzuri: anarudishwa ligi ndogo ili aletwe mwenye mkono uliopumzika. Mchezaji mmoja anaweza kushushwa hivyo hadi mara tano kwa msimu.

Basi tupige hesabu. Nusu iningi ya kawaida huisha bila mkimbio kama mara 73 kati ya 100. Zidisha 0.73 kwa 0.73, kwa kuwa pande ni mbili, ongeza zile ambazo timu zote zinapata idadi sawa, unakuta iningi kama 56 kati ya 100 zinaisha bado sare. Maana yake, bila mkimbiaji wa bwerere, mechi 100 zikiingia nyongeza, 44 zitaisha iningi ya 10, nyingine kama 25 iningi ya 11, na 31 tu ndizo zitaanza iningi ya 12. Mechi zinazoingia nyongeza ni chini ya moja kati ya kumi. Kwa timu yenye mechi 162, tunazungumzia mechi nne au tano kwa msimu mzima. Huo ndio mzigo wote, na kwa sababu ya saa ya mrushaji, iningi mbili za ziada hazichukui muda kama zamani.

Ombi letu ni kwamba iningi ya 10 na ya 11 zichezwe besi zikiwa tupu, na mkimbiaji aingie kuanzia ya 12. Hatutaki sare ya Japani, ambako mechi za ligi hukatwa baada ya iningi ya 12. Na kuilinda mikono, tumieni kitu mlicho nacho tayari: siku ya mechi mbili kila timu huruhusiwa mchezaji wa 27. Mechi ikivuka iningi ya 12, timu zote mbili zipewe mrushaji mmoja wa ziada kwa mechi inayofuata, kisha arudi alikotoka bila safari hiyo kuhesabiwa kati ya zile tano.

Jaribuni kwanza Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, kwa msimu mmoja, kama mlivyofanya kwa saa na kwa mashine ya straiki. Hesabuni vitu vitatu: dakika zilizoongezeka, mipira iliyorushwa na warushaji wa akiba katika siku mbili zinazofuata, na mechi ngapi ziliisha kabla ya iningi ya 12. Kamati ya pamoja ya mchezo ina watu 11: sita wa wamiliki, wanne wa wachezaji, mwamuzi mmoja. Sita mnao tayari, kwa hiyo mkitaka badiliko hili linapita. Tungependa zaidi lipite na kura za wale wanne ndani yake, kwa kuwa mikono inayozungumziwa ni yao.

Wako,
Mashabiki wa besiboli wanaozungumza Kiswahili