Kabla hujamnyang'anya binti yako simu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi tu wazima, na watoto wanaendelea vyema na masomo yao. Barua yako niliisoma jioni ile ile ilipofika, kisha nikairudia watoto walipokwisha kulala, kwa sababu mambo uliyoyaeleza yamenigusa mahali ambapo mimi mwenyewe nimewahi kuumia.

Umenieleza kwamba binti yako ametimiza miaka 13, kwamba alama zake zimeshuka kwa mihula miwili mfululizo, kwamba analalamika kuumwa kichwa na haamki asubuhi hadi aitwe mara tatu, na kwamba kila unapoingia chumbani mwake huigeuza simu kifudifudi. Umesema pia kuwa umeazimia kumnyang'anya simu hiyo mwishoni mwa juma hili na kuifungia kabatini mpaka atakapofaulu mtihani. Nakuomba, kwa heshima yote ya urafiki wetu, usifanye hivyo kabla hujazungumza naye. Sisemi haya kwa kuwa naiona simu kuwa jambo dogo, bali kwa kuwa nami nilifanya vivyo hivyo, na hasara yake nilikuja kuijua baadaye.

Sijawahi kukusimulia yaliyompata kijana wangu. Alipokuwa na miaka 12 alileta alama mbaya za hisabati, nami nikaichukua simu yake kwa mwezi mzima bila kumuuliza chochote. Nilipomrudishia, niliamini kwamba somo limeeleweka. Miezi michache baadaye niliamka usiku kunywa maji, nikaona mwanga mwembamba chini ya mlango wake. Ilikuwa imeshapita saa saba usiku. Nilimkuta amejifunika shuka gubigubi, simu ameibana kati ya magoti, uso umelowa machozi, na kidole gumba kinatetemeka juu ya kioo kana kwamba anataka kuandika jambo lakini halijui. Kwa wiki tatu alikuwa akizungumza na mtu waliyekutana katika mchezo wa mtandaoni, mtu aliyejitambulisha kuwa msichana wa miaka 14, akamsifia uhodari wake, akampa zawadi za ndani ya mchezo, kisha akamwomba wahamie kwenye ujumbe wa faragha. Huko ndiko alikoombwa picha ya utupu. Alipoituma, lugha ilibadilika ndani ya dakika chache: alitakiwa kutoa fedha, la sivyo picha ingesambazwa kwa wanafunzi wenzake na kwa jamaa zetu, ambao majina yao yule mtu alikuwa ameshayanakili kutoka kwenye orodha ya marafiki.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Ungechukua simu."

Jibu hilo halijanitoka mpaka leo. Adhabu niliyodhani kuwa inamlinda ndiyo iliyomfundisha kunificha, na yule mlaghai, ambaye hakunijua hata kidogo, aliitegemea hofu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Ulaghai wa namna hii haufanyi kazi kwa werevu wa teknolojia. Unafanya kazi kwa sababu mtoto anaamini kwamba mzazi akijua, mambo yatakuwa mabaya zaidi kuliko yalivyo sasa. Ndiyo maana mlaghai huharakisha, huweka muda wa mwisho wa saa moja au mbili, na hurudia kumwambia mtoto asimwambie mtu.

Sisemi kwamba binti yako yamemfika hayo. Huenda anazungumza tu na rafiki zake, au anadhihakiwa katika kundi la gumzo la darasa, au hakuna lolote isipokuwa haya ya umri wake. Hata hivyo napenda uyajue mapema tuliyoyafanya usiku ule na siku zilizofuata, maana mtu hawezi kuyafikiri vizuri moyo ukiwa unadunda. Hatukulipa hata senti, kwa kuwa anayelipa mara ya kwanza huonekana kuwa ataweza kulipa tena. Hatukufuta akaunti wala mazungumzo, kwa sababu kufuta ni kupoteza ushahidi. Tulipiga picha za skrini za vitisho vyote pamoja na jina la akaunti, tarehe na saa. Picha yenyewe ya mtoto hatukuinakili wala kumtumia mtu mwingine, na wewe usithubutu kufanya hivyo hata kwa nia ya kuomba msaada, kwani katika nchi nyingi kuisambaza ni kosa la jinai. Kisha tuliiripoti akaunti ile kwa kampuni yenye mtandao, tukaizuia, na asubuhi nikaenda polisi nikiwa na ushahidi mkononi.

Ipo pia huduma isiyolipiwa iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, nayo hutumiwa na watu wa nchi nyingine pia. Ukiitumia, simu yenyewe hutengeneza mfululizo wa tarakimu ulio mithili ya alama ya kidole ya picha hiyo, na mfululizo huo peke yake ndio unaopelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili ziitambue picha na kuiondoa, ilhali picha haitoki mikononi mwa mtoto. Kijana wangu alilia kwa mara ya pili alipoelewa kwamba hakuna mtu mwingine aliyelazimika kuiona.

Sasa niyaeleze mambo mengine uliyoniuliza, ambayo nayo hayako mbali na hili. Kuhusu kutoamka asubuhi, anzia kwenye usingizi kabla hujafikia uvivu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi unasema kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Hesabu mwenyewe: kama binti yako anaondoka kitandani saa kumi na mbili asubuhi, basi hata kwa kiwango cha chini kabisa anapaswa awe amekwisha kulala saa nne usiku, na kulala si sawa na kuzima taa. Mtoto aliyepungukiwa na usingizi hasikilizi vizuri darasani, husahau upesi, hukasirika kwa mambo madogo na huumwa kichwa, nawe ukimtazama utadhani amebadilika tabia.

Nyumbani kwetu tuliamua kwamba simu zote, pamoja na yangu na ya baba yao, zitachajiwa sebuleni kuanzia saa tatu usiku. Nasisitiza hilo la simu zetu. Wiki ya kwanza nilitamani mara kadhaa kwenda kuichukua yangu, na hapo nikatambua ni jambo gani nililokuwa nikimtaka mtoto alifanye peke yake. Kanuni inayowahusu wote haina sura ya adhabu, na mtoto haoni haja ya kuikwepa kwa siri.

Kuhusu maumivu ya kichwa, tafadhali mpeleke akapimwe macho. Nakuandikia hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu mdogo wake huyu kijana alikaa takriban mwaka mzima akiitwa mzembe. Nilipokagua madaftari yake niliona anakosea namba katika kunakili kabla hata hajaanza kukokotoa: 8 ya ubaoni ilikuwa 3 kwenye daftari lake, na 6 ilikuwa 0. Majibu yake yalikuwa sahihi kwa maswali ambayo hakuulizwa. Hakuwahi kulalamika kwamba haoni, kwa kuwa hakuwahi kuona vinginevyo. Alidhani ubao huonekana hivyo kwa kila mtu. Alipovaa miwani siku ya kwanza alisimama mlangoni akitazama mti kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama siku zote majani huonekana moja moja. Muulize daktari pia kuhusu usikivu, na hakikisha kwamba chanjo za umri wake zimekamilika. Mazoezi sina mengi ya kuyasema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha mwili kwa siku, na kutembea kwa haraka au kucheza nje na wenzake kunatosha kuanzia.

Katika masomo yenyewe, umeniandikia kwamba huwezi kumsaidia kwa sababu hukufika mbali katika hisabati na sayansi. Hapo sikubaliani nawe. Msaada mkubwa wa mzazi si kujua jibu. Jioni mwombe afunge kitabu, akueleze kwa maneno yake alichojifunza, nawe uulize maswali ya kweli pale usipoelewa. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya wanafunzi waliosoma makala fupi: waliorudia kuisoma walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini ilipopita wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka bila kuitazama ndio walioongoza. Ndiyo sababu mtoto huweza kulisoma daftari mara nne, akajiona ameelewa, kisha akakosa kila kitu kwenye mtihani. Kazi ya nyumbani usimfanyie, hata akilia. Na kwa mwalimu wake wa darasa nenda sasa, usisubiri matokeo ya muhula ujao. Mwulize lini hasa mabadiliko yalianza, anakaa na nani, na kama kuna rafiki aliyejitenga naye. Tena dakika hizo kumi za kukueleza somo zina faida nyingine, kwani mtoto aliyezoea kusikilizwa kuhusu sehemu za maua atapata wepesi wa kuanza siku atakapokuwa na jambo zito.

Uliniuliza kama ni halali kuingia kwenye simu yake akiwa amelala. Mimi napinga upelelezi wa siri, na nilifikia msimamo huo kwa taabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 16, unalinda faragha ya mtoto, na mwaka 2021 kamati inayousimamia ilieleza kwamba ufuatiliaji wa wazazi mtandaoni unapaswa kuwa wa kiasi na kulingana na uwezo wa mtoto unavyokua. Kwa maoni yangu hiyo si ruhusa ya kumwacha mtoto peke yake. Mwambie waziwazi kile utakachokitazama na kwa nini. Kaeni pamoja, mpitie mipangilio ya faragha ya kila programu: nani anaweza kumtumia ujumbe, nani anaona orodha ya marafiki zake, kama mahali alipo panaonekana, na kama nywila anazotumia zinafanana kila mahali. Wala usidhani kwamba kwa kuwa mitandao mingi inaruhusu umri wa miaka 13, basi kuna mtu aliyepima akaona mtoto wa umri huo amekomaa. Umri huo umetokana kwa kiasi kikubwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Ni mpaka wa taarifa, hausemi lolote juu ya ukomavu.

Na sisi wazazi tujitazame. Nilipokuwa nikimfundisha kijana wangu asiweke picha zenye sare ya shule, aliniletea ukurasa wangu mwenyewe, ambamo nilikuwa nimeweka picha yake akiwa na sare hiyo, jina lake kamili, na pongezi za siku ya kuzaliwa zenye tarehe. Niliziondoa siku hiyo hiyo, na tangu hapo namwomba ruhusa kabla ya kuweka picha yake yoyote.

Basi Jumamosi, badala ya kwenda chumbani kwake kuidai simu, mchukue mtembee pamoja, au mfanye kazi fulani mkiwa bega kwa bega, kwa kuwa mtoto husema zaidi asipotazamwa usoni. Mwambie kwamba lolote lililotokea, hatapoteza simu kwa sababu ya kukuambia ukweli, kisha ulitimize neno hilo hata kama utakayoyasikia yatakuchoma. Akianza kusema, usimuulize "kwa nini ulifanya hivyo". Mwulize nini kilifuata. Asiposema siku hiyo, usimlazimishe, ila urudie tena siku nyingine.

Kabla ya kukuandikia haya nilimwomba kijana wangu, ambaye sasa ana miaka 16, idhini ya kukusimulia habari zake. Alifikiri kidogo, akakubali, na akaniomba nikuongezee jambo moja: usimwulize binti yako mbele ya ndugu zake. Simu yangu itakuwa karibu nami Jumamosi jioni. Ukinihitaji, nipigie hata kama ni usiku.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote