Vitabu vya marejeleo kuhusu anime visipuuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi waandishi wa kurasa za burudani, pamoja na wasomaji wenzangu tunaofuatilia katuni za Kijapani, yaani anime, wasivipuuze vitabu vya marejeleo vinavyohusu sanaa hiyo na utamaduni ulioizaa. Wapo wanaoamini kwamba vitabu hivyo vimepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu kinapatikana mtandaoni. Siafikiani nao. Kurasa zinazoandikwa na mashabiki zina faida, hasa kwa kazi za juzi na jana, lakini nyingi hunakiliana, na kosa la mmoja hugeuka kuwa ukweli wa wote.

Chukua Robotech, katuni ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1985. Aliyeitazama bila mwongozo aliamini kuwa anafuata hadithi moja ya vizazi vitatu, ilhali Japani ilikuwa mifululizo mitatu isiyohusiana, Macross, Southern Cross na Mospeada, iliyounganishwa na kuandikiwa mazungumzo mapya. Mwaka huohuo filamu ya Hayao Miyazaki, Nausicaä, iliyotoka Japani mwaka 1984, ilisambazwa Marekani ikiwa imekatwa zaidi ya dakika 20 na kubadilishwa jina. Asiyejua hayo atamlaumu mwongozaji kwa hadithi inayorukaruka, kumbe mkasi ulikuwa mikononi mwa msambazaji. Kamusi elezo iliyohaririwa vizuri humaliza utata huo kwa mistari michache tu: nani aliongoza, mwaka gani, dakika ngapi, na toleo lipi lilipunguzwa.

Husikika pia lawama kwamba katuni za zamani za Japani zilichorwa kivivu, kwa kuwa mara nyingi midomo tu ndiyo inayocheza huku mwili umetulia tuli. Mchoraji Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake Tetsuwan Atomu kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963, ilimbidi atoe kipindi cha nusu saa kila wiki kwa bajeti finyu mno, hivyo studio yake ikapunguza idadi ya michoro na kuhifadhi ile iliyokwisha kutumika ili irudiwe katika vipindi vingine. Anayeijua historia hiyo huanza kuona ustadi pale alipokuwa akiona uzembe.

Upande wa utamaduni ndiko ninakoona hasara kubwa zaidi. Kimono huvaliwa kwa kulaza upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ni namna ya kumvika maiti. Mchoraji akimvika mhusika kwa namna hiyo ya pili, bila neno lolote kutamkwa, mtazamaji wa Japani anaweza kutambua papo hapo kwamba aliyesimama pale si wa dunia hii, lakini sisi tutaona nguo nzuri tu na kupita. Ni vivyo hivyo kwa maua ya mcheri yanayopukutika mbele ya lango la shule, katika nchi ambayo mahafali hufanyika Machi na masomo huanza Aprili: huashiria kuagana au mwanzo mpya.

Sisemi kwamba vitabu hivyo havikosei. Filamu nyingi za mwanzo ziliteketea katika tetemeko la ardhi la Kantō, Japani, la mwaka 1923, na katuni Namakura Gatana ya mwaka 1917 ilihesabiwa kuwa imepotea hadi ilipotangazwa mwaka 2008 kwamba nakala yake imepatikana. Ndiyo maana kamusi elezo ya Jonathan Clements na Helen McCarthy, The Anime Encyclopedia, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2001, ilirudi ikiwa imepanuliwa mwaka 2006 na tena 2015. Kitabu kinachokubali kusahihishwa hadharani, chini ya majina ya waliokiandika, kina uzito wake.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila filamu ya Kijapani inapochambuliwa katika kurasa zako, litajwe jina lake la asili, mwongozaji wake, mwaka iliotoka Japani na toleo ambalo mchambuzi alilitazama.

Wako,
Mpenzi wa katuni za Kijapani