YAH: Malalamiko kuhusu safari ya mitumbwi na kambi tuliyoelekezwa kulala

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Naandika kwa niaba ya kundi la marafiki sita tuliokodi kwenu mitumbwi mitatu, pamoja na makafi, majaketi okozi na mahema, kwa safari ya siku mbili ya kushuka mto na kulala kambini usiku mmoja. Tumerudi sote tukiwa hai, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, yaliyotupata usiku ule yalitokana na mambo ambayo kampuni yenu ilikuwa na uwezo wa kuyazuia, na kwa moja kati ya hayo mlikuwa na taarifa kabla hatujaondoka.

Lalamiko langu kubwa ni kambi. Mfanyakazi wenu alitukabidhi ramani ya mto yenye alama ya kambi iliyochorwa kwa kalamu nyekundu juu ya fungu la mchanga katikati ya mto, akatuambia kwamba wateja wenu wengi hulala hapo kwa sababu ni pakavu na hapana majani marefu. Sisi tulikuwa wageni wa mto huo, kwa hiyo tulimwamini. Jioni ilikuwa tulivu na anga lilikuwa safi. Kabla ya kuwasha moto, mwenzetu mmoja aliyewahi kusafiri mtoni alichomeka kijiti pale pale maji yalipoishia mchangani, ili kiwe alama ya kupimia kina. Saa 4 usiku tulipoingia kulala, kijiti kilikuwa mahali pake. Saa 8 usiku aliamka, akamulika kwa tochi, na kijiti hakikuwapo. Maji yalikuwa yamebakiza hatua nne kulifikia hema la kwanza, yamegeuka rangi ya udongo na kubeba povu na matawi, na mtumbwi mmoja tuliokuwa tumeupandisha nchi kavu ulikuwa unaelea, umeshikiliwa na kamba tu.

Hatukuwa tumenyeshewa hata tone moja. Yeyote anayefanya biashara mtoni anajua kwamba mto hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu, na kwamba maji hayo huchukua saa nyingi kuwafikia walio chini. Anajua pia kwamba fungu la mchanga ni miongoni mwa sehemu za kwanza kufunikwa, na likiwa katikati ya mto, aliyelala juu yake huzingirwa pande zote kabla hajajua la kufanya. Asubuhi tulipofika kituo chenu cha kushukia, mfanyakazi wenu mwingine alitueleza, kama jambo la kawaida, kwamba tangu saa 5 asubuhi ya siku iliyotangulia mlikwisha kusikia kuwa mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko juu. Saa 5 hiyo sisi tulikuwa bado mbele ya ofisi yenu tukipakia mizigo. Sentensi moja tu ingetosha, nasi tungelala kwenye ukingo wa juu au tungeahirisha safari.

Tulilazimika kuvuka gizani. Hapo ndipo ubovu wa vifaa ulipojitokeza, ingawa mmoja wao tulikuwa tumewaonyesha mapema: jaketi okozi moja lilikuwa na kifungio cha mkanda kilichovunjika, tukajibiwa tulifunge kwa kamba. Jaketi lisilobana kiunoni hupanda hadi masikioni mtu anapotumbukia, na linaweza kumvuka kabisa, basi faida yake ni ipi? Aliyelivaa alikuwa mwenzetu anayeogelea vizuri kuliko sote, kwa kuwa hatukuthubutu kumpa mwingine. Aidha, chumba cha hewa kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya mtumbwi wa tatu kilikuwa na ufa uliozibwa kwa utepe wa gundi. Utepe ulibanduka, maji yakaingia, na mtumbwi ukawa mzito usiotii kafi. Mkondo uliusukuma ubavu ubavu hadi kwenye mti ulioanguka mtoni. Mti wa namna hiyo hupitisha maji na kumnasa mtu, tena nguvu ya mkondo huongezeka mara 4 kasi yake inapozidi mara 2. Waliokuwamo walijisukuma kwa makafi mpaka moja likawaponyoka, ndipo wakapata kujinasua.

Tulipofika ukingoni tulipiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye ramani yenu mara 11. Iliita, haikupokelewa. Na tulipodai amana yetu kesho yake, mlikata gharama ya kafi lililopotea.

Kwa hiyo naomba mturudishie amana yote pamoja na malipo ya kukodi, na mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Zaidi ya fedha, naomba ile alama nyekundu iondolewe kwenye ramani zenu zote, kila kundi liambiwe hali ya maji ya upande wa juu kabla ya kuingia mtoni, na namba ya dharura iwe na mtu wa kuipokea usiku, maana ndio wakati ambao wateja wenu wako mbali na msaada. Nimeambatisha nakala ya ramani na picha za vifaa vyenye kasoro.

Lipo jambo moja lisilopaswa kusubiri siku hizo 14. Jaketi lenye kifungio kilichovunjika lina fundo la kamba ya bluu upande wa kushoto, tulilolifunga wenyewe. Wakati tunaondoka nililiona likirudishwa kwenye rundo la majaketi ya kukodishwa, na kundi jingine lilikuwa limepanga foleni. Tafadhali liondoeni leo.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja, kiongozi wa kundi la watu sita