Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Sekenke inasubiri kalamu yako

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole na majukumu.

Madereva wa malori wanaotoka Singida kwenda Nzega wanaujua mlima Sekenke kwa sababu ya breki. Ukiuteremka salama unamshukuru Mungu, unakunywa chai Shelui, unaendelea na safari. Wasiojua ni wengi kwamba pande hizo hizo za Iramba ndiko Wajerumani walikofungua mgodi wa kwanza wa dhahabu wa nchi hii, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mimi nilijua kwa babu. Alisukuma toroli za mawe pale enzi za Waingereza, na hadi uzee wake hakupita jiwe jeupe njiani bila kuliokota. Analilamba, analigeuzageuza juani, analitupa. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka.

Dhahabu ya hapo ina kisa chake. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haziingii, na vita vinataka malipo. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zikatoka sarafu za rupia 15, kama 16,000 hivi: upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Kuna na herufi ndogo T, ya Tabora. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini, kazi ikaishia hapo. Leo sarafu hizo ziko kwenye makabati ya wakusanyaji huko Ulaya na Marekani, moja inauzwa mnadani kwa mamilioni ya shilingi. Iramba sijawahi kukutana na mtu aliyeishika.

Waingereza wakaufufua mgodi, kambi ikajaa tena. Lakini tangu 1934 bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa wakia, na baada ya Vita ya Pili mishahara, mafuta na vipuri vikapanda huku bei ikiwa ile ile. Migodi ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Sekenke ulifungwa miaka ya 1950, New Saza kule Chunya 1956, Geita ya zamani 1966. Babu alisema kambi ilimalizwa na majirani zaidi kuliko mvua: leo mabati, kesho boriti. Yeye mwenyewe alibeba mlango kichwani mpaka nyumbani. Umeandikwa 14 kwa rangi nyeupe.

Sasa wamebaki wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, makarasha ya kupondea mawe yanasaga mchana kutwa, na mashimo ya zamani yako wazi, mbuzi wanatumbukia. Mara ya mwisho nilipopita sikuona hata kibao.

Mheshimiwa, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja, bila kusubiri tangazo, kilichojengwa kabla ya 1863. Sekenke imechelewa kuzaliwa kwa miaka arobaini na kitu. Kwa maeneo ya namna hii sheria imekuachia wewe Waziri uyatangaze. Ninachoomba ni hicho: tangazo kwenye Gazeti la Serikali kwa masalia ya mgodi wa zamani, mashimo yazungushiwe wigo, na sarafu moja inunuliwe ikaoneshwe Singida, si Dar es Salaam. Wachimbaji wasifukuzwe kwa kisingizio cha historia. Hao nao ni sehemu yake, na ndio wanaojua kila shimo lilipo.

Ukihitaji kitu cha kuanzia, mlango namba 14 bado ninao. Kuku wanalala nyuma yake, lakini bawaba zake nzima.

Wako mtiifu,
Mjukuu wa msukuma toroli, Iramba