Shukrani kwa Fundi wa Gerezani
Shikamoo, mzee wetu. Sisi ni wale wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi tuliokujia mtaani Gerezani, Dar es Salaam, na daraja la mianzi lililokuwa likiyumba hata kabla ya kubebeshwa mzigo, tukaondoka kwa furaha bila kukuuliza jina. Ndiyo maana tunakushukuru hapa hadharani.

Ulifunga vijiti vinne vikawa mraba, ukausukuma kwa kidole ukalala; kisha ukaongeza kijiti kimoja cha mshazari, na umbo lile, ambalo sasa lilikuwa pembetatu mbili, likagoma kabisa. Mvutano na mgandamizo (yaani nguvu za kuvuta na za kubana) tulikuwa tumevikokotoa darasani kwa majuma kadhaa, lakini hatukuwahi kuvihisi mikononi. Ukatuonyesha pia kwamba ubao uliosimamishwa kwa ukingo wake hupinda kidogo kuliko uliolazwa, na hesabu zinakubaliana nawe, kwa kuwa kina chake, yaani kimo kutoka chini hadi juu, kikizidishwa mara 2, uwezo wake wa kukataa kupinda huwa mara 8.

Hukutaka malipo, ila ulitutaka tufagie karakana nzima (nasi tuliichafua kweli). Daraja lilibeba matofali yote tuliyopangiwa. Msumeno wako, tulioondoka nao kwa bahati mbaya, tutaurudisha Jumamosi.