Betri kuukuu za magari ya umeme zitupunguzie dizeli visiwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuumiza sisi tunaoishi katika visiwa vidogo vya Ziwa Victoria ambavyo nguzo za umeme hazijafika.

Jenereta ninayoisimamia ni ya kilowati 10. Usiku huwasha taa na friza za kuhifadhia sangara, mzigo usiofika hata kilowati moja na nusu, lakini hunguruma hadi alfajiri na kumaliza takribani lita 15 za dizeli iliyovushwa kwa mtumbwi, dumu kwa dumu. Jenereta ya dizeli hutumia mafuta vizuri ikibebeshwa kiasi cha robo tatu ya uwezo wake. Ikibebeshwa kidogo mno, injini haipati joto la kutosha na mafuta hayaungui yote. Kila asubuhi kwenye kiungo cha bomba la moshi nakuta ute mweusi unaonata vidoleni kama lami. Hiyo ni dizeli tuliyoilipia.

Magari ya umeme kama Nissan Leaf yaliyotumika Japani yameshaanza kuingia Afrika Mashariki. Betri yake ya awali ilikuwa ya uniti 24, na hata ikichakaa ikabakiwa na asilimia 70, ambapo gari haliendi tena mbali, bado huhifadhi karibu uniti 17. Kwa makadirio yangu, tukiunganisha betri ya namna hiyo na chaja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa majumbani), jenereta itawashwa saa kumi na mbili jioni, ijaze betri huku ikihudumia wateja kwa mzigo unaoistahili, kisha izimwe saa tatu, na betri itubebe hadi kukuche. Dizeli itapungua kwa karibu nusu, na wagonjwa na watoto watalala bila kelele.

Sisemi kila fundi afungue betri hizo kwa bisibisi. Zina umeme wa zaidi ya volti 300, unaoua, na zinahitaji kifaa cha kulinda kila seli isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa, pamoja na banda lenye kivuli na hewa, kwa kuwa joto huzichakaza upesi.

Kwa hiyo naiomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iwafundishe mafundi wa visiwani kazi hii, na Wakala wa Nishati Vijijini ufunge mtambo mmoja wa majaribio katika kisiwa chochote kinachotegemea dizeli, hesabu ya lita zinazotumika kila usiku ibandikwe hadharani mwaloni, kabla na baada ya betri.

Msimamizi wa jenereta,
Ukerewe, Mwanza